Vidole Vinne Chini ya Kitambaa

Kabla ya kumuuliza mahabusu swali lolote, Ghanim bin Rashid aliomba aonyeshwe gunia.

Askari wa forodha alilileta akiwa amelishika kwa ncha za vidole. Lilikuwa gunia dogo la mchele, limekunjwa mara mbili, bado bichi. Ghanim alilikung'uta juu ya sakafu, na vumbi la mbao likadondoka. Akaokota kidogo, akalisugua kati ya vidole, akalinusa.

"Kulikuwa na nini kingine ndani yake?"

"Hakuna kitu, Baba Mishari. Tulipomkamata lilikuwa tupu na linachuruzika."

Kwetu mjini Dohat Mazin hakuna aliyemwita Ghanim kwa jina lake. Mtu akishapata mtoto wa kiume, jina lake mwenyewe hubaki la kutumiwa na mama yake na makadhi. Yeye alimpata mmoja tu, Mishari, na jina la Mishari ndilo alilolivaa kila siku. Kwa miaka ishirini alikuwa mpelelezi wa mahakama ya wazamia lulu. Lulu ikipotea chomboni, yeye ndiye aliyeitwa kuuliza nani aliishika, nani aliiona, na nani alitangulia kushuka pwani. Ilikuwa kazi ya heshima, na mji ulikuwa mji. Kisha zikaja lulu za Wajapani, zinazofugwa kama kuku na kuuzwa kwa bei ya vitunguu, na mahakama ile ikafungwa. Mimi nilikuwepo siku walipotoa madawati. Niliona uchungu, na sioni haya kusema hivyo hadi leo.

Mahabusu mwenyewe, Almas, alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mpika kahawa wa baraza la Sheikh, na kabla ya hapo mzamiaji aliyeweza kushuka kwa pumzi moja hadi chini kwenye chaza na kurudi anacheka.

"Umekula?" Ghanim alimuuliza.

"Nimeletewa tende zenye wadudu. Nikawaachia wadudu watangulie, maana wao ndio wenyeji."

"Almas, leo alfajiri umeonekana ukitoka mlango wa jikoni wa nyumba ya Kampuni ya mafuta, na gunia mkononi."

"Nimeonekana kwa sababu sikujificha."

"Ulibeba nini?"

"Barafu."

"Ya nani?"

"Yangu mimi. Naitafuna." Almas alimkazia macho kama mtu aliyetukanwa. "Nimezamia miaka thelathini kwenye maji ya moto kama mchuzi, bwana. Uzeeni nimegundua barafu. Yule mpishi wao Mgoa ananipa kipande, nami nampa kahawa inayobaki barazani. Hilo la kahawa usimfikishie Sheikh."

Ghanim alitazama tena vumbi la mbao sakafuni. Barafu huhifadhiwa humo isiyeyuke, na mashine ya barafu ilikuwa moja tu mji mzima, nayo ya Kampuni. Maelezo yalisimama.

"Jana barazani, Sheikh alipotaja kima chake cha mwisho cha kuwadai Kampuni, wewe ulisimama wapi?"

"Alipotaja?" Almas alicheka hadi akakohoa. "Nani kakwambia alitaja? Wageni walipoondoka aliniagiza nilete kitambaa. Kile chekundu, Baba Mishari! Miaka sita hakijatoka sandukuni. Akakitandaza mapajani, akashika mkono wa mtu chini yake, kimya, kama tulivyozoea kutajiana bei sokoni. Nilisahau kwamba nimeshika mdila wa kahawa inayochemka. Ona."

Alinyoosha mguu. Juu yake palikuwa na lengelenge jipya, kubwa kama rupia.

"Mkono wa nani?"

"Sasa hilo unaniuliza wewe, uliyekulia sokoni? Kitambaa kikitandazwa, mtu mwenye adabu hugeuza uso. Niligeuza uso."

Ghanim alisimama. Mlangoni Almas akamwita.

"Wanasema nitahamishwa kwa chombo cha Basra. Kweli?"

"Baada ya swala ya alasiri."

"Basra kuna barafu?" aliuliza Almas, lakini safari hii hakucheka.

Sheikh Thamir alimpokea ghorofani, peke yake, rasimu ya mkataba ikiwa imetandikwa mbele yake na kushikizwa na finjani tatu zisipeperuke. Baba yake aliuza lulu, na yeye mwenyewe aliziuza kabla hajaurithi mji. Mambo makubwa ya mkataba yalikuwa yamekwisha: mrabaha ungekuwa rupia tatu, kila rupia ikiwa sarafu kumi na sita za ana, kwa kila tani ya mafuta, kwa miaka sabini. Kilichobaki kilikuwa ushuru. Kampuni ilitaka mashine zake, mabati yake, mchele wa vibarua wake na hata sabuni ya mabwana zake vipite forodhani bure. Na forodha, tangu lulu zife, ndiyo iliyokuwa ikiulisha mji.

"Nikawaambia sawa, pitisheni," Sheikh alisema. "Lakini mnilipe badala yake ana kadhaa juu ya kila tani. Nikaanza na nane. Wao wakasema mbili. Wiki tatu, Baba Mishari, mbili! Tumekunywa kahawa mpaka meno yamebadilika rangi. Jana nimeshauriana na watu wangu. Leo asubuhi wakala wao anaingia, hata hajakaa vizuri, anasema nne. Na juu ya hayo ananiambia usoni, kwa kinywa cha mkalimani wake, 'Tunajua nne zinakutosha.' Nani amemwambia?"

"Na kweli nne ndicho kilikuwa kima chako?"

Sheikh alitazama mlango uliokuwa wazi. Hakujibu kwa mdomo. Alivuta kitambaa chekundu kutoka chini ya mto, akakitandaza juu ya magoti yao wawili, akautafuta mkono wa Ghanim.

Kila kidole kilichoshikwa kilihesabiwa kimoja. Vilishikwa vinne, kwa mkupuo mmoja, vikaachiwa. Kisha ukucha wa Sheikh ukapita juu ya kiganja chake, kutoka upande hadi upande, taratibu. Ghanim alikuwa hajaguswa hivyo tangu mahakama ifungwe. Mkono ulielewa kabla ya kichwa, naye akalikumbuka soko zima, na wale madalali walionyamaza pamoja huku mali ikipita kutoka mkono hadi mkono. Nne, na ukucha ni nusu. Nne na nusu.

"Wameikosa nusu," alisema.

"Wameipunguza. Wale hupunguza kila kitu."

"Huenda. Jana mikono mingapi iliingia humu chini?"

"Miwili. Wa Haji Jabr." Sheikh alikunja kitambaa, akachukua muda mrefu kukikunja. "Na mkuu wa forodha ni mgonjwa, kwa hiyo karani wake alikaa mahali pake. Mwanao."

Ghanim alirudisha mikono yake ndani ya joho. Mishari alikula naye chakula cha usiku jana, mkono wake na wa baba yake katika sinia moja, na hakugusia baraza. Ndivyo ilivyopasa. Siri ya baraza haipelekwi nyumbani.

"Kwa hiyo Almas hakushikwa mkono," alisema hatimaye.

"Almas ana macho. Amekaa miongoni mwa madalali miaka mingi, anaweza kusoma bega la mtu. Na alfajiri alikuwa kwao. Nipe jina jingine lenye ushahidi, au hilo nililo nalo ndilo litakalopanda chombo. Atakayepanda hatarudi kuzikwa hapa."

Nitasema kama ilivyokuwa: Ghanim alitembea kwenda kwa Haji Jabr akimwomba Mungu yule mzee awe ndiye msaliti.

Sababu za kumshuku zilikuwepo. Haji Jabr aliwahi kuwa na vyombo tisa vya lulu, sasa aliuza sukari na mafuta ya taa. Nyumba yake ilikuwa rehani. Dukani alikuwa amevibakiza vichungio saba vya shaba vya kupangia lulu kwa ukubwa, kila kimoja ndani ya mwenzake, vimesuguliwa vinang'aa, havina kazi.

"Karibu, Baba Mishari. Umekuja kunikamata au kununua sukari?"

"Bado sijui. Jana ukitoka barazani ulikwenda wapi?"

"Msikitini. Kutoka hapo nyumbani, nikagombana na wake zangu wote wawili mpaka usingizi. Waite, watatoa ushahidi kwa furaha."

"Mtu wa Kampuni hajaja hapa?"

"Alikuja mwezi uliopita kununua vichungio hivi. Anataka kuvitundika ukutani kwao Ulaya. Nilimfukuza." Haji Jabr aliviwekea mkono juu kama anayevifunika. "Na nina njaa, usidhani sina. Uliza swali lako."

Ghanim aliketi, akavuta upindo wa joho lake juu ya mikono yao. Akamshika vidole vitano, kisha viwili, kisha akapitisha ukucha.

"Saba na nusu," Haji Jabr alisema papo hapo. "Bado unakwaruza kama kuku."

"Jana ulipewa ngapi?"

"Unajua ngapi, vinginevyo usingekuwa hapa. Na ilikuwa na ukucha."

"Kampuni wamesema nne. Nne kavu."

Mzee aliinua uso. Alikuwa mfanyabiashara tangu hajaota ndevu, na Ghanim aliiona hesabu ikipita nyuma ya macho yake.

"Kama ningekuwa mimi ninayeuza habari," Haji Jabr alisema polepole, "ningewauzia nne na nusu. Mtu anayeuza habari huuza iliyo kweli. Ukimwambia mnunuzi nne, naye akaenda, Sheikh akazikataa, wewe umeumbuka na hela hupati."

"Pengine Kampuni wameondoa nusu wenyewe."

"Na yule wakala aseme 'tunajua zinakutosha'? Yule hakubahatisha. Ameambiwa nne, na aliyemwambia aliamini ni nne."

"Yaani mtu aliyeshikwa vidole vinne, ukucha ukapita, asijue kwamba ukucha ni kitu."

"Akadhani ni mkono unaachiwa tu." Haji Jabr alichomoa kichungio kidogo kuliko vyote, akakigeuza, akakirudisha. "Baba Mishari. Ulimfundisha?"

"Nilimpeleka Bombay, shule."

"Sikukuuliza ulimpeleka wapi."

Nje muuza maji alikuwa anapita na punda wake, akinadi. Ghanim alisubiri mpaka sauti ile ikapotelea kichochoroni.

"Ungeniuliza mimi," mzee alisema, "ningemfundisha bure."

Mishari alikuwa ghorofa ya juu ya forodha, akilinganisha orodha ya mizigo ya meli na masanduku yaliyoshushwa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwandiko mzuri, na tabia ya kusimama baba yake anapoingia. Alisimama.

"Funga mlango. Nipe mkono."

"Mkono?"

"Wa kulia."

Ghanim aliufunika kwa joho. Akamshika vidole vitatu, akaviachia, ukucha ukapita juu ya kiganja.

"Ngapi?"

Mishari alitabasamu, kijana anayechezeshwa na baba yake. "Tatu."

"Rudia tena. Sikiliza vizuri kwa mkono." Akarudia, safari hii akaukandamiza ukucha hadi ukaacha mstari.

"Tatu, baba. Vidole vitatu. Kwani vipi?"

Ghanim aliuachia mkono ule. Katika maisha yake ya kazi aliwahi kuwakuta wezi mia na zaidi, na kila mara, ukweli ulipoonekana, alikuwa akipata raha fulani, kama mtu aliyetoa mwiba. Safari hii alitamani angekuwa mpelelezi mbaya.

"Ulimwambia nani zile nne?"

Tabasamu liliondoka. Mishari alitazama karatasi zake, akazipanga, ingawa zilikuwa zimepangika.

"Iskandar," alisema. Iskandar alikuwa mkalimani wa Kampuni. Walisoma darasa moja Bombay. "Tulitembea pwani baada ya magharibi. Akaniambia wakala ameshaandika simu ya maandishi kwa wakubwa wake: akijibiwa nane mara moja zaidi, wanafunga mizigo, wanakwenda kwa jirani yetu wa kaskazini. Alikuwa na huzuni, baba. Alikuwa ananiaga."

"Nawe ukamwamini."

"Niliiona simu."

"Simu huandikwa ili ionwe, mwanangu. Ingekuwa ya siri usingeiona. Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu! Mimi ndiye niliyemwambia. Nikasema msiondoke, mzee ataridhika na nne, semeni nne mambo yaishe." Sauti ilimpanda. "Wewe hukai hapa dirishani. Mimi nakaa. Watu wanang'oa milango ya nyumba zao wanakuja kuisafirisha Basra wakaiuze. Milango, baba! Najaza fomu: mlango mmoja, mti wa msaji, umetumika. Mnakaa barazani wiki tatu mnashindana ana moja ana mbili, na mchezo wenu wa kitambaa, na watu wanalala bila mlango."

Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililomuumiza Ghanim zaidi. Mtoto hakuuza. Alitoa bure, kwa huruma, kitu kisichokuwa chake.

"Ukucha ni nusu," alisema.

"Ukucha upi?"

"Sheikh alikupa nne na nusu. Vidole vinne, na ukucha juu ya kiganja. Sasa Kampuni wanaamini nne zinamtosha, na hawatapanda hata pesa moja. Nusu ana kwa kila tani, Mishari, miaka sabini. Wewe ndiye msomi wa hesabu. Ni milango mingapi?"

Mishari alifungua kiganja chake, akakitazama. Ule mstari mwekundu ulikuwa bado haujafutika.

"Hukunifundisha," alisema kwa sauti ndogo.

"Sikukufundisha." Ghanim alikaa juu ya sanduku la mizigo. "Ulikuwa na miaka kumi na minne ukaniomba. Nikasema biashara ile inakufa, kukufundisha ni kukufundisha kushona sanda. Nikakukatia tiketi ya Bombay. Nilijiona baba mwenye akili kuliko wote."

Chini, wapagazi walikuwa wanashusha masanduku ya mtu na kuhesabu kwa wimbo.

"Utamwambia Sheikh?"

"Kaa hapa. Usitoke, usiandike, usimwone Iskandar."

"Baba. Utamwambia?"

Ghanim alitoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Jua lilikuwa limeshapinda alipomtuma askari akanywe maji, naye akauchukua ufunguo wa mahabusu. Almas alikuwa ameketi palepale. Ghanim alifungua mlango, akausukuma hadi ukutani, akabaki amesimama kizingitini.

"Toka. Umeonekana huna kosa."

Almas hakuinuka. Alimtazama usoni, kama anayetazama maji kabla ya kuzama.

"Ni nani, basi?"

"Si kazi yako."

"Mimi ndiye niliyefungwa hapa. Ni kazi yangu."

Ghanim alijaribu kulisema jina lile, lile lile ambalo mji mzima ulimwita nalo asubuhi hadi jioni, likamshinda. "Ni wa kwangu," alisema.

Mzee akajikokota nyuma kidogo juu ya mkeka, akauegemeza mgongo wake ukutani, akavuta miguu ndani.

"Rudishia mlango," alisema.

"Umesikia nilichokwambia?"

"Nimesikia vizuri sana. Alitumwa na nani? Alilipwa?"

"Hakulipwa. Aliwahurumia watu."

"Basi rudishia mlango, Baba Mishari, na ufunge kwa ufunguo. Mimi sina mke, sina mtoto. Sheikh ameshaamini kuwa ni mimi, mji umeshaamini, hata wadudu wa tende wameshaamini. Kazi yote imekwisha kufanyika. Basra nitapika kahawa, kwani wao hawanywi? Yule kijana ana miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Ishirini na minne," Almas alirudia. "Mimi nimebakiza mingapi? Mitatu? Huo ni ubadilishaji ambao hata Haji Jabr angeukubali. Nenda kamwambie Sheikh hukupata jina jingine. Huo wala si uongo mkubwa."

Juu ya msikiti muadhini alikohoa, akisafisha koo. Chombo cha Basra kilikuwa kimeshatweka nusu ya tanga. Ghanim alisimama na ufunguo mkononi, na hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa huyu mzee, aliyekuwa akimtazama kwa upole wa kutisha. Mlango ulikuwa mzito lakini bawaba zake zilitiwa mafuta vizuri. Ungerudi wenyewe kwa kusukumwa kwa kidole.

Mkono wake ulikuwa umeshauvuta mlango shubiri moja alipong'amua unachofanya.

"Toka, Almas," alisema, na sauti yake haikuwa sauti ya mpelelezi. "Nakuomba kwa jina la Mungu, toka upesi, kabla sijakubali."